Dawa Zinazosumbua Kabla ya Kutuliza



Wapenzi wasomaji, juma hili ukurasa wetu wa afya unazungumzia dawa ambazo katika nyumba nyingi huwekwa mahali ambapo mgeni hawezi kuziona. Ni dawa za maradhi ya akili: zile wapewazo wenye sonona, yaani huzuni nzito inayomkaa mtu kwa majuma mengi hata akaikosa ladha ya chakula, ya usingizi na ya watu wake, na zile wapewazo wenye saikosisi, yaani hali ya mtu kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kushikilia dhana ambayo hoja yoyote haiwezi kuing'oa.

Dawa hizi zina tabia moja ambayo asiyeijua huidhania kuwa ni ubaya: taabu zake hutangulia, na nafuu yake hufuata nyuma. Mgonjwa humeza kidonge leo, kesho akaamka na kichefuchefu, mtondo mikono ikamtetemeka, na ile huzuni yake iko pale pale. Hapo ndipo shangazi, wifi au jirani anaposema, "Si niliwaambia? Dawa hizi ndizo zinazommaliza." Vidonge hutupwa, na baada ya miezi michache maradhi hurudi, pengine makali kuliko kwanza. Lengo letu leo ni kuisaidia familia ipambanue taabu inayopita, taabu inayotibika, na taabu isiyongoja hata kupambazuke.

Asili yake

Dawa hizi si za kale. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wa saikosisi dawa iitwayo klorpromazini. Kabla ya hapo, daktari mpasuaji Henri Laborit alikuwa ameitumia kwa wagonjwa wa upasuaji, akaona namna ilivyowatuliza. Watu waliokuwa wakizuiliwa kwa nguvu kwa ajili ya ghasia zao walitulia, na wengine wakaanza tena kuzungumza kwa mpango.

Mwaka huo huo, nchini Marekani, wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa wakijaribiwa dawa ya iproniazidi walionekana kuchangamka na kurudiwa na hamu ya kula. Kufikia mwaka 1957 daktari Nathan Kline na wenzake walikuwa wamekwisha kuijaribu kwa wenye sonona na kueleza manufaa yake. Na mwaka huo huo Roland Kuhn wa Uswisi alieleza jinsi dawa nyingine, imipramini, ilivyowainua watu waliozama katika huzuni. Fluoksetini, ambayo leo hutumiwa sana duniani, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Basi wataalamu waliiona athari kwanza, kisha ndipo wakaitafuta sababu yake.

Zinavyofanya kazi

Ubongo una chembe za neva mabilioni, na baina ya chembe na mwenzake pana mwanya mdogo mno. Ujumbe huvuka mwanya huo kwa kubebwa na kemikali, kama abiria wavukavyo kivuko cha Likoni kwa feri. Miongoni mwa kemikali hizo ni serotonini, noradrenalini na dopamini. Kemikali ikishafikisha ujumbe ng'ambo, sehemu kubwa yake hurudishwa ilikotoka.

Dawa nyingi za sonona, kama fluoksetini na setralini, huizuia serotonini isirudishwe upesi, nayo ikabakia mwanyani muda mrefu zaidi. Amitriptilini, ambayo ni ya jamii kongwe zaidi, huzuia serotonini pamoja na noradrenalini. Dawa za saikosisi zina njia nyingine: huziba sehemu ya gati inapofikia dopamini, ili ujumbe uliozidi kiasi upungue. Haloperidoli na klorpromazini ni za kizazi cha kwanza. Risperidoni, olanzapini na klozapini ni za kizazi cha pili.

Kwa nini basi taabu hutangulia? Kwa sababu kemikali hizi hazikai mahali pamoja tu. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili imo matumboni, wala haimo kichwani. Kwa hiyo tumbo huihisi dawa tangu siku ya kwanza. Ubongo, kwa upande wake, huhitaji muda wa kujirekebisha. Kiasi cha serotonini hubadilika ndani ya saa chache, lakini moyo wa mgonjwa huanza kuchangamka baada ya majuma mawili hadi manne, na nafuu iliyo kamili yaweza kuchukua majuma sita hadi manane. Wataalamu wa leo hawatosheki tena na ile kauli nyepesi kwamba sonona ni upungufu wa serotonini tu. Wanaona kuwa dawa huanzisha mabadiliko ya polepole katika mawasiliano ya chembe za neva. Na mabadiliko ya polepole hudai subira.

Taabu zinazopita

Kwa dawa za sonona, majuma ya kwanza huweza kuja na kichefuchefu, kuumwa na kichwa, kuharisha kidogo, wahaka au kukosa usingizi. Nyingi ya taabu hizi hupungua ndani ya juma moja au mawili. Kumeza dawa baada ya chakula hupunguza kichefuchefu. Na dawa inayomkosesha mtu usingizi daktari huihamishia asubuhi.

Amitriptilini hukausha kinywa, hufunga choo na huleta usingizi, ndiyo maana hutolewa usiku. Pia huweza kuteremsha shinikizo la damu mtu anaposimama. Mzee anayeitumia asiinuke kwa ghafla kwenda kutawadha alfajiri. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha ndipo asimame. Dawa hii ikizidishwa sana hudhuru moyo na huweza kuua, kwa hivyo ifungiwe mbali na watoto, na mbali na mgonjwa mwenyewe akiwa amekata tamaa ya kuishi.

Iko taabu moja ambayo haya huifanya isitajwe. Dawa nyingi za sonona hupunguza hamu ya tendo la ndoa au huchelewesha utimilifu wake, kwa mume na kwa mke. Taabu hii mara nyingi haiondoki yenyewe, na imekwisha kuzitia nyumba katika dhana mbaya, mke akidhani hapendwi tena, au mume akidhani anakwepwa. Jambo hili lina dawa: daktari huweza kupunguza kipimo au kubadilisha aina. Lakini hawezi kuitibu taabu ambayo hakuambiwa.

Taabu zinazotibika

Dopamini hufanya kazi zaidi ya moja. Ndiyo inayosaidia viungo kwenda kwa ulaini, na ndiyo inayozuia homoni ya maziwa isipande. Ndipo dawa ya saikosisi, inapoituliza akili, huweza kuyagusa na hayo mengine.

La kwanza ni kukakamaa kwa ghafla. Ndani ya siku chache za mwanzo, hasa baada ya sindano ya haloperidoli na hasa kwa vijana wa kiume, shingo hupinda upande mmoja, macho hupanda juu yakabaki huko, taya hukaza na ulimi hutoka nje. Anayeona hali hiyo kwa mara ya kwanza hushikwa na hofu, na wengi husema pepo amepanda. Mgonjwa hutolewa hospitali au hukatazwa dawa, akapelekwa kufukizwa. Hali hii ni athari ya dawa inayofahamika vyema, na hutibiwa kwa sindano ya prometazini au ya baiperideni, akalegea mara nyingi ndani ya nusu saa. Mrudisheni hospitalini saa hiyo hiyo, maana koo likikaza pumzi huweza kuziba.

La pili ni kutotulia. Mgonjwa hawezi kukaa kitako. Huenda na kurudi ukumbini, hubadilisha miguu kama aliyesimama juu ya mchanga wa jua kali. Familia hudhani maradhi yamezidi na huomba dawa iongezwe, kumbe ni dawa ndiyo inayomhangaisha, na ikiongezwa humhangaisha zaidi. Mwambieni daktari kwa maneno haya: "Hakuwa hivi kabla ya dawa." Kauli hiyo moja yaweza kubadilisha uamuzi wake.

La tatu ni kutetemeka na ugumu wa viungo. Hapa mara nyingine hutolewa benzheksoli. Familia ishike dawa hii yenyewe na kuihesabu, kwani baadhi ya vijana huitumia kama kileo. Na anayetumia dawa za saikosisi kwa miaka akionekana kutafuna pasipo chakula au kuchezesha ulimi bila kukusudia, habari hiyo ifike kwa daktari mapema, kwa kuwa ikikawia huenda isiondoke.

La nne linawahusu hasa dada zetu. Risperidoni na haloperidoli huweza kupandisha homoni ya prolaktini, hedhi ikakatika na maziwa yakatoka kwa mwanamke asiye na mimba wala mtoto anyonyaye. Fikirieni msichana ambaye hajaolewa, au mke ambaye mumewe yuko Ghuba kwa kazi mwaka wa pili sasa, akipatwa na hali hiyo katika nyumba isiyoijua sababu yake. Maneno yatakayosemwa barazani ni mazito kuliko maradhi yenyewe. Daktari huweza kumpima ujauzito na kupima homoni hiyo kwa damu, kisha akabadilisha dawa. Na mwanamke aliyeachwa, anayehesabu eda yake kwa hedhi, akiona imekatika katika hali hii, amweleze kadhi kuwa yumo katika dawa, ili hukumu itolewe juu ya habari iliyo kamili.

La tano ni unene. Olanzapini na klozapini huongeza sana hamu ya kula, na huweza kupandisha sukari na mafuta katika damu. Katika pwani yetu, ambako nyumba nyingi zina mgonjwa wa kisukari, jambo hili halistahili kupuuzwa. Mgonjwa apimwe uzito na sukari kabla ya kuanza, na mara kwa mara baadaye. Mahamri ya asubuhi na chai yenye sukari nyingi vipunguzwe kwa nyumba nzima, asionekane ni yeye peke yake anayenyimwa.

Taabu zisizongoja

Mambo haya hupelekwa hospitalini pasi na kungoja asubuhi. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa wote, jasho jingi na kuchanganyikiwa kwa anayetumia dawa ya saikosisi. Homa au koo kuuma kwa anayetumia klozapini, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuangusha chembe nyeupe za damu, na ndiyo sababu watumiaji wake hupimwa damu kila baada ya muda. Kutetemeka, homa na mapigo ya moyo kwenda mbio kwa anayetumia dawa ya sonona akaichanganya na tramadoli, dawa ya maumivu ambayo wengi hununua bila kuuliza. Na kila neno la kutaka kufa, hata likisemwa kwa mzaha.

Juu ya hili la mwisho, vijana wahitaji jicho zaidi. Marekani, tangu mwaka 2004, pakiti za dawa za sonona hubeba onyo kwamba fikra za kujidhuru huweza kuongezeka kwa watoto na vijana mwanzoni mwa tiba. Mwaka 2007 onyo hilo lilipanuliwa likawafikia wenye umri wa hadi miaka 24. Onyo hilo linamtaka mzazi akae karibu na mwanawe majuma ya mwanzo, wala halikukusudiwa kumfanya amnyime dawa. Na aliyewahi kuwa na siku za furaha iliyopita kiasi, asiyelala wala kuchoka, amwambie daktari kabla ya kuanza, kwa sababu dawa ya sonona peke yake huweza kumrushia hali hiyo tena.

Mama mzazi na mtoto

Huzuni nzito huweza kumpata mama baada ya kujifungua, na saikosisi humpata mmoja au wawili katika kila akina mama 1,000, aghalabu ndani ya majuma mawili ya kwanza. Ndani ya siku arubaini, bibi na mama wadogo waliomzunguka mzazi ndio watakaoona kwanza kwamba halali hata mtoto akilala, au kwamba anamwogopa mwanawe. Hiyo ni dharura. Baadhi ya dawa, kama setralini, huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo sana, na mama wengi huendelea kunyonyesha. Kwa upande mwingine, valproeti, wapewayo baadhi ya wenye hisia zinazopanda na kushuka, huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayetarajia kuzaa aulizie kabla ya kushika mimba. Lakini asiache dawa yoyote kwa ghafla pindi ajionapo mja mzito. Amwone daktari kwanza.

Kuacha dawa

Wengi huuliza kama dawa hizi humfanya mtu kuwa mtumwa wake. Dawa za sonona na za saikosisi hazileti ile kiu ya kutaka zaidi na zaidi. Ni tofauti na diazepamu na jamii yake, ambazo mtu huzizoea upesi. Hata hivyo mwili uliokwisha kujipanga na dawa hukasirika ikiondolewa ghafla: kizunguzungu, ndoto za kutisha, hasira, na mshtuko kama wa umeme kichwani. Kwa hiyo dawa hupunguzwa hatua kwa hatua. Na haipunguzwi siku mtu anapojihisi mzima. Aliyepona sonona kwa kawaida huendelea nayo kwa miezi sita hadi mwaka. Aliyetulia kutoka saikosisi huendelea angalau mwaka mmoja, na wengine zaidi. Kujihisi mzima mara nyingi ni alama ya kwamba dawa inafanya kazi yake.

Mwezi wa Ramadhani

Dawa nyingi kati ya hizi humezwa mara moja kwa siku, nazo huweza kuhamishiwa baada ya kufuturu. Za mara mbili huweza kugawanywa baina ya futari na daku, na zile sindano za kila mwezi hazina saa. Lakini mpango huu haupangwi usiku wa mwandamo. Mwezi wa Shaaban ndio wakati wa kumwona daktari, ili mwili uzoee. Anayetumia lithi awe na hadhari kubwa kuliko wote: mwili ukikaukiwa na maji, hasa katika joto la kaskazi, lithi hupanda katika damu ikawa sumu, na dawa za maumivu kama ibuprofeni huizidisha. Mgonjwa ambaye daktari amesema funga itamrudisha katika maradhi aende kwa sheikh na kauli hiyo. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa, na maradhi ya akili ni maradhi.

Wajibu wa nyumba

Pawe na mtu mmoja wa kushika dawa, na daftari la kuandika: tarehe, kipimo, usingizi, uzito, na kila taabu mpya. Daftari hilo liende kliniki pamoja na mgonjwa, iwe ni kituo cha karibu au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya Port Reitz. Kijana aepushwe na muguka na miraa, kwani kathinoni iliyomo huongeza dopamini, ile ile ambayo dawa inajaribu kuituliza. Ni sawa na kuchota maji kwenye dau huku mwingine akiyatia. Anayetumia dawa za miti shamba azitaje pia mbele ya daktari.

Na wanaomsomea mgonjwa wao waendelee kumsomea. Kisomo na kidonge havigombani, na Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam, aliwahimiza watu kujitibu. Ugomvi huanzia pale mtu anapoambiwa achague kimoja.

Basi mgonjwa wenu akirudi na pakiti mpya, mwulizeni daktari kabla hamjatoka: taabu ipi itapita, kwa muda gani, ipi nije kukuambia, na ipi nisiingojee. Andikeni majibu yake nyuma ya daftari, mahali ambapo kila mtu wa nyumbani ataweza kuyasoma.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Amin.